Maswali ya Wasomaji: Kati ya Nyimbo za Blink-182, Upi Ndio Bora?

SWALI LA KWANZA

Ndugu mwandishi wa safu, salamu nyingi. Naandika nikiwa dada mkubwa katika nyumba ya watu watatu tuliokua tukisikiliza bendi moja, Blink-182 ya Marekani, na ambao sasa hatuelewani kabisa. Mimi nashikilia kwamba wimbo wao bora ni "Dammit". Mdogo wangu wa kiume anasema ni "I Miss You". Binamu yetu, aliyeingia katika mabishano haya baadaye lakini kwa sauti kubwa kuliko sisi sote, anadai kwamba wimbo unaojulikana na watu wengi zaidi ndio bora, kwa hiyo ni "All the Small Things". Tumepiga kura, na kura tatu kwa nyimbo tatu hazikumpa mtu ushindi. Tumejaribu kupimana kwa chati, kwa mauzo, hata kwa kuangalia ni nani anayekumbuka maneno yote bila kukosea, na kila kipimo kimempendelea aliyekileta. Tunakuomba utuamulie, na ukishatuamulia utueleze umetumia kipimo gani.

Dada Mkubwa

JIBU

Dada yangu, asante kwa barua, na hasa kwa sentensi yake ya mwisho. Mabishano ya namna hii hukwama kwa sababu kila mmoja analijibu swali lake mwenyewe huku akidhani analijibu la mwenzake. Binamu yenu anazungumzia wimbo uliofika mbali kuliko yote, mdogo wako anazungumzia wimbo uliomwingia moyoni, na wewe, nikikusoma vizuri, unautetea wimbo uliofungua njia. Yote matatu ni mambo ya maana. Lakini mmeuliza kuhusu wimbo bora wa bendi, nami nitalishika neno hilo "bendi" mpaka mwisho wa jibu hili, maana naamini ufunguo wa mabishano yenu umo humo.

Nianze na binamu, kwa kuwa hoja yake ndiyo rahisi kuipima. "All the Small Things" umo katika albamu ya Enema of the State, iliyotoka Juni 1999, na mwanzoni mwa mwaka 2000 ulifika nafasi ya 6 katika chati kuu ya Billboard nchini Marekani na nafasi ya 2 nchini Uingereza. Tom DeLonge, mpiga gitaa, aliuandika akijua kwamba kampuni ya rekodi ingetaka wimbo wa kupigwa redioni, akaamua kuufanya uwe zawadi kwa mpenzi wake wa wakati ule. Yale maua ya waridi yanayotajwa kuachwa kwenye ngazi si ya kubuni, kwani mpenzi huyo alimwachia kweli. Ule mlolongo wa "na, na, na" unaojaza kiitikio ni salamu ya heshima kwa Ramones, wazee wa panki (roki ya kasi na fujo) wa New York ambao Tom aliwapenda. Video yake, ambamo vijana hawa watatu waliwaigiza waimbaji wa pop waliokuwa wakivuma siku zile, ilipata tuzo ya MTV ya video bora ya kundi mwaka 2000.

Nauheshimu sana wimbo huu na sitaki binamu yenu adhani ninaudharau. Ni kazi iliyokamilika, isiyo na kiungo cha kuongeza wala cha kupunguza, na kutunga kitu chepesi namna ile bila kukifanya kiwe kitupu ni kazi inayowashinda watunzi wengi. Hata hivyo, umaarufu unatueleza wimbo umebisha hodi kwenye milango mingapi. Hautuelezi umefanya nini baada ya kukaribishwa ndani. Tena ukiusikiliza kwa makini utaona kwamba ni wimbo wa Tom. Mark Hoppus, mpiga besi na mwimbaji mwenza, anaitikia kwa vipande vifupi tu, na Travis Barker, ambaye ni mmoja wa wapiga dramu hodari kabisa wa kizazi chake, ameutumikia kwa adabu kama mtu aliyeombwa asiinue sauti mbele ya wageni. Alifanya sawasawa, maana ndivyo wimbo ulivyotaka. Ila mtu ambaye hajawahi kuisikia bendi hii akiusikia wimbo huo peke yake, hatajua kwamba kuna waimbaji wawili wenye tabia mbili, na hatajua kabisa Travis ni nani.

Sasa nije kwako. "Dammit" ni wa mwaka 1997, katika albamu ya Dude Ranch, kabla dunia haijawajua vijana hawa kutoka Poway, kitongoji cha kaskazini mwa San Diego, California, ambako bendi ilianza mwaka 1992. Mark aliutunga kwenye gitaa la kawaida lililokuwa limekatika baadhi ya nyuzi, na nafikiri ukilijua hilo unaanza kuyaelewa yale mapigo ya mwanzo. Kodi zenyewe, yaani sauti za gitaa zinazopigwa kwa pamoja, ni nne tu, C, G, A maina na F, ambazo zimetumiwa katika nyimbo nyingi za pop hata hazihesabiki. Mtu mwenye gitaa zima angezipiga kodi hizo kwa mkono wote na kuendelea na safari. Katika "Dammit" zimechambuliwa nota moja moja, zikipanda kisha zikiteremka, na gitaa linabaki peke yake kwa sekunde chache kabla besi na dramu hazijaliangukia kwa pamoja. Nimekwisha kuona watu wazima wakiacha sentensi nusu wanapoyasikia mapigo hayo.

Halafu kuna sauti. Wimbo umewekwa juu mno kwa koo la Mark, na kwenye rekodi unamsikia akizifikia nota za juu kwa kukwaruza. Prodyuza mwingine angemshauri aushushe wimbo mpaka aimbe kwa raha, na kwa kufanya hivyo angeuua. Maneno yanamhusu kijana anayefikiria siku atakayokutana na mpenzi wake wa zamani kwenye onyesho la filamu, mkono wa binti ukiwa umeshikwa na mwanamume mwingine, na jinsi watakavyotabasamu, kupungiana mikono na kujifanya kwamba mambo ni shwari. Kisha anajiambia kwamba labda huku ndiko kukua. Sauti inayokwaruza kwenye maneno hayo ndiyo ushahidi kwamba mambo si shwari hata kidogo. Dada, kama ungeniuliza wimbo bora wa Mark Hoppus ningekupa ushindi leo hii, ingawa ningesita kidogo, na sababu ya kusita utaiona katika barua inayofuata.

Lakini "Dammit" nao una mwimbaji mmoja. Na anayepiga dramu kwenye rekodi ile ni Scott Raynor, mpiga dramu wa kwanza wa bendi, aliyepiga vizuri, akaondoka mwaka 1998, na nafasi yake ikachukuliwa na Travis. Sisemi hivyo ili kumpunguzia Scott sifa yake. Nasema kwamba bendi mnayoibishania, ile ya watu watatu mnaowajua kwa majina na kwa nyuso, mwaka 1997 ilikuwa bado haijakamilika.

Mdogo wako ndiye aliyenipa shida kubwa. "I Miss You" unatoka katika albamu ya Novemba 2003, ile ambayo wenyewe hawakuipa jina, nao ulishika nafasi ya kwanza katika chati ya roki ya kisasa ya Billboard mwaka 2004. Vyombo vyake karibu vyote ni vya asili visivyotumia umeme: Mark amelikumbatia besi kubwa la kusimama, Tom ana gitaa la kawaida, Travis ameweka fimbo kando na kushika brashi, na kuna piano na selo. Walikuwa wamevutiwa na The Cure, bendi ya Uingereza, hasa wimbo wao wa "The Love Cats", na ukiisikiliza besi inavyotembea utausikia ujamaa huo. Mark anaimba ubeti wa kwanza kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza gizani ili asimwamshe mwingine. Kisha anaingia Tom kwenye ubeti wa pili kwa lafudhi yake ile ya kuvuta irabu, ambayo imeigwa na watu wengi mno, nami siku zote nimeiona kuwa ya dhati: ni sauti ya mtu anayelia kwa jinsi anavyojua yeye.

Kwa hiyo wimbo huu una sauti zote mbili, na una Travis akifanya jambo ambalo mpiga dramu wa kawaida wa panki hawezi kulifanya. Kwa kipimo ninachokaribia kukutajia, unapita. Kinachonizuia kumpa mdogo wako kombe ni kwamba hapa bendi imejipumzisha kutoka katika kazi yake yenyewe. Pop panki ni muziki wa vitu viwili vinavyovutana kama kamba: kasi na utamu. Kasi ikiachwa peke yake inageuka kelele, na utamu ukiachwa peke yake unageuka pipi. Nyimbo nzuri za aina hii huishi pale kamba ilipokaza. Katika "I Miss You" upande mmoja wa kamba umelegezwa kwa makusudi, na kilichopatikana ni kizuri sana, lakini ni uzuri wa bendi iliyokwenda ugenini ikarudi na zawadi.

Basi kipimo changu ni hiki. Mwondoe mmoja wao, yeyote yule, kisha usikilize kilichobaki. Kama wimbo bado umesimama, ni wimbo mzuri wa mtu fulani aliyesaidiwa na wenzake. Kama umeanguka, hapo ndipo unapoisikia bendi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, nami nautafuta wimbo ambao hata vidole viwili visingetosha, uwe wa kasi, na uwe mtamu.

Jibu langu ni "Feeling This", wimbo unaofungua albamu ile ile ya 2003.

Najua kwamba hakuna hata mmoja wenu aliyeutaja, kwa hiyo niruhusu niuelezee kwa karibu. Unaanza na dramu. Travis anazipiga kwa uzito wa wapiga dramu wa roki ya miaka ya 1970, na gitaa linapoingia juu yake linamfuata yeye. Kwa kawaida katika muziki huu gitaa ndilo huongoza na dramu zikalikimbilia nyuma. Kisha Tom anaanza beti. Anarusha mistari mifupi, karibu kwa kupaza sauti, na mwisho wa kila mstari Mark anamjibu kwa maneno yale yale yenye jina la wimbo. Beti hizo ni za tamaa ya mwili, za mtu asiyetaka kungoja. Halafu kinafika kiitikio, na bila kuonywa unajikuta katika chumba kingine kabisa: Mark anaimba polepole na kwa upana, kuhusu tabasamu linalofifia majira ya joto yakiisha na mkono unaoshikwa kwa kuaga.

Tofauti hiyo haikupangwa. Mark na Tom waliandika sehemu zao kila mmoja kivyake, na walipozikutanisha waligundua kwamba mmoja ameandika juu ya mapenzi na mwingine juu ya ashiki. Watu wengine wangekaa chini wakasawazisha, ili wimbo uwe na jambo moja la kusema. Wao waliziacha pande zote mbili zikiwa wazi, kama malumbano ya washairi wawili ambao hakuna aliyekubali kuandika upya ubeti wake, na kwa sababu hiyo wimbo unasema kweli juu ya ujana kuliko wimbo wowote wao mwingine, maana kijana hutaka na huogopa kupoteza katika dakika ile ile.

Nyumba nzima inajengwa kwa ajili ya sekunde za mwisho. Kiitikio kinarudi, sauti ya Tom inapanda juu ya sauti ya Mark, kila moja ikiwa na melodi yake na maneno yake, na hakuna inayoipisha nyingine. Kisha vyombo vinaondoka. Gitaa linanyamaza, dramu zinanyamaza, zinabaki sauti za wanadamu zimefumana kama ukili. Mimi na rafiki yangu mmoja tuliwahi kujaribu kuimba sehemu hiyo, yeye akichukua ya Mark na mimi ya Tom, na kila tulipofika katikati mmoja wetu alihamia kwenye melodi ya mwenzake bila kujua. Tulijaribu jioni nzima. Tulipofanikiwa mara moja tu, tulinyamaza wote wawili, kwa kuwa tulisikia kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekuwa anakiimba.

Sasa tumia kipimo. Mtoe Mark, na unabaki na tamaa isiyo na huzuni. Mtoe Tom, na una huzuni isiyo na sababu ya kuwapo. Mtoe Travis, na huna mlango wa kuingilia, wala nguzo ya kuzishika beti na kiitikio visiachane, maana vinatembea kwa mwendo tofauti kiasi kwamba mpiga dramu dhaifu angeviacha vivunjike. Na yote hayo yamefanyika kwa chini ya dakika tatu, kwa kasi ya panki, huku ukiondoka na melodi kichwani.

Naomba mfanye jambo moja kabla hamjaandika kunipinga. Usikilizeni mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza fuateni dramu tu, mara ya pili sauti ya Mark tu hata pale anapokuwa nyuma, mara ya tatu ya Tom. Kila mmoja achague mtu wake. Mkimaliza, kama mdogo wako bado anashikilia "I Miss You", basi amenishinda kwa haki na nitalichapisha jina lake la kalamu hapa.

SWALI LA PILI

Mheshimiwa mwandishi, nimekuwa nikisoma safu yako kwa muda mrefu. Naona watu wanapoorodhesha nyimbo bora za Blink-182, "Adam's Song" hutajwa kwa heshima halafu huwekwa pembeni, kana kwamba ni mgeni. Kwangu mimi ndio wimbo wao bora, na ulinishika mkono kipindi ambacho sikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Rafiki zangu wananiambia kwamba bendi iliyojulikana kwa mizaha haiwezi kupimwa kwa wimbo wa huzuni. Je, wana haki?

Msikilizaji wa Usiku

JIBU

Hawana haki, na kwanza kabisa nafurahi kwamba upo na unaandika.

Albamu ya Enema of the State, ambamo wimbo huu umo, ndiyo ile iliyotanguliwa na "What's My Age Again?", wimbo ambao video yake inawaonyesha wakikimbia barabarani bila nguo. Watu waliikumbuka picha hiyo wakasahau kusikiliza. Hata wimbo huo wa mizaha, ukiuchunguza, unamhusu mtu anayeona wenzake wanakua naye haelewi anatakiwa kukua vipi. Mizaha ya bendi hii mara nyingi ni kifuniko cha chungu, na "Adam's Song" ni pale walipokiondoa kifuniko.

Mark aliuandika baada ya safari ndefu za maonyesho, katika kipindi ambacho wenzake walikuwa na wapenzi wa kurudia nyumbani na yeye akawa anafungua mlango wa nyumba isiyo na mtu. Msimulizi wa wimbo ni kijana aliyefika ukingoni na anayefikiria kujiua. Angalia jinsi ulivyojengwa: mwanzoni vyombo viko mbalimbali na vimetulia, sauti ya Mark iko chini, na kiitikio kinapofika uzito wote unashuka kwa pamoja. Kinachonigusa zaidi ni kiitikio cha mwisho. Maneno ni karibu yale yale ya kiitikio cha mwanzo, ila yamegeuzwa kutoka wakati uliopita kwenda wakati ujao: yule aliyekuwa akihesabu siku alizojisikia hai zamani sasa anataja siku atakazojisikia hai, na kesho imeanza kuwa na thamani ya kungojewa. Mtunzi hakuhubiri wala hakuleta melodi mpya ya furaha. Amebadilisha nyakati za vitenzi tu, na mtu ameokoka. Sijui wimbo mwingine wa aina hii uliofanya jambo kubwa namna hiyo kwa sarufi peke yake.

Ndiyo sababu nilimwambia Dada Mkubwa kwamba nikiulizwa wimbo bora wa Mark ningesita. "Dammit" una nguvu ya kijana aliyeumia na bado anakimbia, na huu una ujasiri wa kijana aliyeacha kukimbia akakaa chini na maumivu yake. Kwa utunzi peke yake, yaani maneno na mpangilio wake, nauweka "Adam's Song" juu. Kwa kipimo nilichokitumia hapo juu, cha watu watatu wanaotegemeana, haufikii "Feeling This", kwa sababu Tom anaimba humo kama msindikizaji. Lakini huo ulikuwa uamuzi sahihi wa Tom. Wimbo wa upweke ukiimbwa na wawili, upweke unapungua.

Wakikwambia tena kwamba wimbo wa huzuni si wa bendi hii, wakumbushe kwamba miaka miwili baadaye, katika albamu ya 2001, Tom naye aliandika "Stay Together for the Kids", kuhusu watoto wanaotazama ndoa ya wazazi wao ikivunjika, jambo alilolipitia mwenyewe. Albamu hiyo iliingia moja kwa moja katika nafasi ya kwanza ya chati ya albamu ya Billboard ilipotoka. Humo humo zimo "First Date" na "The Rock Show", nyimbo mbili ambazo Tom na Mark walikwenda kuziandika kila mmoja kwao baada ya meneja kuwaambia kwamba albamu haina wimbo wa kuchangamsha. Watu hao hao, mwaka huo huo, kaseti moja. Huzuni na furaha zao hazikukaa nyumba tofauti.

Nikuongezee neno moja la kidugu. Kama siku za usiku mrefu zikirudi, wimbo huo usiwe peke yake. Mwambie mtu, hata kama mwanzo wa mazungumzo ni kumpa wimbo wenyewe ausikilize.

SWALI LA TATU

Mwandishi, katika kuutafuta wimbo ulio bora, je, tuzihesabu nyimbo za miaka ambayo Tom hakuwamo? Na hizi mpya za baada ya kurudi kwake?

Mpenda Roki

JIBU

Zihesabuni zote. Matt Skiba wa bendi ya Alkaline Trio alishika nafasi ya Tom kuanzia 2015, na "Bored to Death" wa 2016 uliwarudisha kileleni mwa chati ya muziki mbadala kwa mara ya kwanza tangu "I Miss You". Ni wimbo mzuri, wenye mapigo ya gitaa yanayojua yanatoka ukoo gani. Ninapoupima, naona kwamba sauti za Mark na Matt zinapatana, na kupatana huko ndiko kunakonipa shaka. Mark na Tom hawakuwahi kupatana kwa namna hiyo. Walikuwa wakigombea chumba kimoja, na wimbo ulipatikana humo.

Kuhusu nyimbo mpya, historia yenyewe unaijua. Waliachana Februari 2005, kiasi cha mwaka mmoja na miezi mitatu baada ya albamu yenye "Feeling This". Walirudiana Februari 2009, baada ya Travis kunusurika katika ajali ya ndege ya Septemba 2008, na baada ya kifo, mwezi mmoja kabla ya ajali hiyo, cha Jerry Finn, prodyuza aliyezisimamia albamu zao kubwa. Tom akaondoka tena, Mark akaugua saratani mwaka 2021, na Oktoba 2022 wakatangaza kwamba wote watatu wako pamoja. Albamu yao ya 2023 ilifika nafasi ya kwanza Marekani, na wimbo uliobeba jina lake, "One More Time", unauliza kwa nini ilibidi msiba na ugonjwa ndivyo viwakutanishe.

Siuweki juu ya "Feeling This", kwa kuwa umetulia kama "I Miss You" na mimi nimeshasema naitafuta kamba iliyokaza. Lakini ukitaka kuelewa kwa nini watu bado wanabishana juu ya bendi hii, zicheze nyimbo hizo mbili zikifuatana. Katika wa 2003 kila mmoja anaimba juu ya mwenzake na hakuna anayengoja zamu. Katika wa 2023 utamsikia mmoja akimaliza, akinyamaza, na mwingine akimwachia nafasi kidogo kabla ya kuanza.